Udongo wa Kijani

Mvua za kwanza zilipoanguka Kapata, harufu iliyopanda kutoka ardhini haikuwa ya majani. Ilikuwa harufu ya chuma, kama msumari wenye kutu uliouweka mdomoni, na ilikaa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye unga wa bukari, ugali wetu, hata kwenye nywele zetu. Nyumba za Kapata zilijengwa zamani na kampuni ya mgodi kwa ajili ya wafanyakazi wake, safu kwa safu, zote sura moja. Kampuni ilipodhoofika, baba zetu walipoteza kazi lakini walibaki ndani ya nyumba hizo, wakiamka alfajiri kama kawaida na kukaa barazani bila pa kwenda. Nyuma ya safu ya mwisho kulikuwa na kilima cha mabaki, yaani mawe na udongo uliotupwa na mgodi kwa miaka mingi. Juu yake halikuota hata jani moja. Wachimbaji wa mikono, vijana waliotoka kila pembe ya Kongo, walikichokoa kutoka chini wakitafuta shaba na kobalti iliyosalia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na wazazi wa mtaa wetu walikuwa wameamua kwamba sisi watoto lazima tujue Kiingereza. Wakubwa wapya wa migodi walizungumza Kiingereza na wakalimani wao, na ilisemwa kwamba mtoto mwenye Kiingereza ataingia ofisini badala ya kuingia shimoni. Wakamtafuta Mwalimu Zaituni. Ukoo wake ulitoka Kasongo, ni Waislamu, na kaka zake walikuwa na duka Kapata na malori mawili yaliyokwenda Zambia na kurudi. Yeye mwenyewe alikulia kwa shangazi yake Ndola, Zambia, ndiyo maana alikijua Kiingereza. Alikuwa mwembamba, mtulivu, mwenye mtandio wa rangi ya maji ya bahari. Kila Jumatano na Jumamosi mchana alitufundisha katika darasa tuliloazimwa, watoto kumi na wanane kwenye madawati ya watu kumi.

Msimu ule alitufundisha sura ya dunia. Alichora ubaoni mlima, kilima, bonde, uwanda, mto na kisiwa, na chini ya kila kimoja akaandika jina lake la Kiingereza. Neno lililotushinda lilikuwa "hill". Sisi tuliozoea Kifaransa cha shuleni hatukuwa na sauti ile ya mwanzo. Alituambia tuweke kiganja mbele ya mdomo, tusikie pumzi ikikigusa. Pumzi isipotoka, alisema, hamjataja kilima, mmesema "ill", mtu ni mgonjwa. Tukacheka, na wiki nzima tukazunguka mtaani tukipumulia viganja vyetu.

Rafiki yangu Mwadi ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hatukulifikiria. Nyumba yao ilipakana na yetu, na tangu tukiwa wadogo tulikuwa tukila sahani moja kwao au kwetu, bila mtu kuhesabu ni zamu ya nani. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Siku hiyo alinyoosha mkono kuuliza kama kile cha nyuma ya nyumba zetu nacho ni "hill". Mwalimu Zaituni aligeuka kutazama dirishani, ingawa kilima hakikuonekana kutoka pale.

"Kilima ni kitu kilichotulia," alisema. "Kile bado hakijatulia."

Mwisho wa mwezi alitupa kazi ya mikono. Wawili wawili, tufinyange sura ya dunia juu ya kipande cha ubao, kila umbo na jina lake, na kazi nzuri kuliko zote ingewekwa mezani pake mpaka mwisho wa mwaka. Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia kichwani mwangu mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Udongo tuuchukue uani kwetu. Mtu yeyote asiende kule kwenye kilima, hasa sasa kwa kuwa mvua zimeanza. Alilirudia kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, akatutaka tuitikie, tukaitikia wote.

Mimi na Mwadi tulifinyanga mlima mzuri, lakini ulikuwa mwekundu, bonde jekundu, uwanda mwekundu, kila kitu chekundu kama mtaa wetu. Nami nilikuwa nimewahi kuona, pale wachimbaji walipokata ubavu wa kilima, mshipa wa udongo wa kijani kibichi, kijani cha shaba, unaong'aa ukilowa. Nilijua hakuna mtoto mwingine ambaye angeleta uwanda wa kijani. Nilimwambia Mwadi twende. Akasema mwalimu amekataza. Nikamwambia ni dakika chache tu, nani atajua? Alisitasita mlangoni kwao, akachukua kopo la maziwa tupu la kutilia udongo, akanifuata. Hakuna mtu mwingine aliyemwambia aje.

Ilikuwa saa tisa mchana, mvua imekatika, jua linachoma. Wachimbaji walikuwa wamehamia upande wa pili. Mshipa wa kijani ulikuwa juu kidogo ya kichwa cha Mwadi, naye alikuwa mrefu kuliko mimi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeingia chini ya ukingo kuchimba kwa kijiko huku mimi nikishika kopo. Watu huniuliza kama kulikuwa na kishindo. Hapakuwa na kishindo. Kulikuwa na sauti ya mchele unaomiminwa kwenye ungo, kisha mbele yangu pakawa na mteremko mpya, laini, na Mwadi hakuwepo.

Nilichimba kwa mikono kabla ya kupiga kelele. Kwa hilo nalo najilaumu. Wachimbaji walikuja wakikimbia na masepeto. Mmoja wao, kijana wa Kasai ambaye sikujua jina lake, ndiye aliyemfikia. Alimsafisha udongo mdomoni kwa kidole, akamgeuza, akampiga mgongoni taratibu, tena na tena, mpaka mwenzake akamshika bega. Akambeba mpaka kwao. Nilitembea nyuma yao nikiwa bado nimeshika kopo.

Uani kwa kina Mwadi watu walijaa upesi. Mama yake alikuwa ameanguka chini, wanawake wamemshika. Mjomba wake, Tata Ngoie, alipiga goti mbele yangu, akanishika mabega yote mawili, bila ukali.

"Mulienda kufanya nini kule?" aliniuliza. "Ni mwalimu alibatuma?"

Nilimtazama mama yangu. Niliona jinsi watu wote walivyosubiri. Nikatikisa kichwa kukubali kwamba ndiye aliyetutuma.

Siku ya pili ya kilio Mwalimu Zaituni alikuja. Hakujua nilichosema. Wanaume wakamzuia kwenye lango la ua, sauti zikapanda, na jina langu likatajwa. Alinitafuta kwa macho kati ya watoto akaniona. Aliniita, akaniuliza mbele ya wote alituambia nini siku ile darasani. Nikajificha nyuma ya mama yangu. Tata Ngoie akaanza kunisogelea ili nijibu, ndipo mwalimu mwenyewe akamzuia.

"Mutoto anaogopa," alisema. "Mumuache."

Akaondoka. Jioni ile vijana walivunja milango ya duka la kaka zake na kuchoma magunia. Baada ya siku chache malori mawili yalipakia vyombo vya ukoo mzima yakaelekea Lubumbashi. Masomo ya Kiingereza yakafa. Baba yangu alinitafutia shule mtaa wa Dilala, ndiko nilikoendelea na Kiingereza.

Leo mimi ni mkalimani katika mgodi mmoja karibu na Fungurume. Kiingereza kilinipa nyumba ya matofali na ada ya watoto wangu, kama wazazi walivyotabiri. Kilima cha mabaki hakipo tena. Mashine zilikipakia chote kwenda kusafishwa upya, na sasa ni uwanja mtupu. Binti yangu alipotimiza miaka kumi na mmoja nilishindwa kulala katika nyumba moja na uongo ule. Nilikwenda Kapata nikamkuta Mama Mwadi akichambua maharage. Nikamweleza yote, tangu mlangoni kwao mpaka uani. Mikono yake haikusimama.

"Ule mwalimu alikuya hapa kwangu mbele ya kuondoka," alisema mwishoni. "Aliniambia hakubatuma. Mi nilimufukuza." Akatupa punje mbovu pembeni. "Sasa wende useme kwa bale balivunja duka."

Nilikwenda. Niliwapata watatu tu. Tata Ngoie, niliyemdanganya kwanza, naye nilimwendea; amezeeka, hasikii vizuri, ikabidi niseme kwa sauti kubwa, majirani wakasikia. Hilo lilikuwa haki yao. Mmoja wa wale watatu aliniambia mambo hayo yamepita na nisiwachokoze watu. Lubumbashi nilimpata kaka wa mwalimu, amekuwa mzee wa ndevu nyeupe. Aliniambia dada yake hakuingia tena darasani tangu walipohama. Alishona nguo za watoto mpaka ugonjwa ulipomchukua, na hakuwahi kumtaja mtoto yeyote wa Kapata kwa ubaya. Kisha akanishukuru kwa kuja, akasimama, nami nikaelewa kwamba niondoke.

Watoto wa Kapata wa sasa wanajifunza Kiingereza kwenye simu. Wanataja "hill" na pumzi yake yote bila kufundishwa na mtu. Ninapita kwa Mama Mwadi kila mwisho wa mwezi. Ananipa upande wa pili wa ungo, tunachambua maharage pamoja mpaka yaishe, na mpaka leo hajaniita kwa jina langu.