Msomaji Wetu wa Katuni

Nani aliniambia watu wakipewa katuni wataacha ukaidi? Nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa kisukari, asubuhi zahanati ya Kawangware, mchana Kibera, mkoba umejaa vijitabu vya picha vya kufundisha kujitunza. Kawangware walivifungia mandazi. Nikasonya, nikahamishia tumaini langu lote Laini Saba, kule Kibera, kwa mgonjwa wangu wa siku nyingi, fundi wa kuchomelea mageti.

Huyo alikipenda kijitabu kupita kiasi. Mafundi wenzake wakila githeri, aliwasomea kwa sauti, akiigiza kila mhusika. Ukurasa wa jamaa aliyekanyaga kaa la moto asihisi kitu, kwa kuwa sukari imeua hisia za nyayo zake, aliurudia mpaka watu wakashika mbavu.

"Huyu ni landlord wangu kabisa!" alisema. "Hata hii tumbo ni yake!"

Wenzake walisikia. Mmoja aliacha soda, mwingine akaja kupimwa. Nilifurahi, sikatai. Lakini yeye mwenyewe nilipomuuliza kama anakagua miguu yake kila jioni, alicheka.

"Sista, mimi ndio nasomea watu. Mimi niko fiti."

Na huku anachomelea vyuma amevaa malapa, cheche zinamrukia vidoleni! Nilimsihi atafute buti, nikagomba, nikagomba tena. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Hatimaye mkewe alimburuta hadi zahanati ya Kibera kwa sababu ya harufu. Nilipotoka kuwaita, nilimkuta bwana mkubwa kwenye benchi, kijitabu mkononi, anamfafanulia mama mmoja wa mtaa wa Olympic namna ya kutunza miguu. Nilitamani kukichana.

Ndani, mkewe alimvua kiatu na soksi. Cheche ilikuwa imemchoma kati ya vidole, kidonda kikaoza, naye hana habari.

"Hukuona?" nilimfokea.

"Sikuangalia. Kazi ilikuwa mob, nyingi ajabu."

Kidole nilijua kimekwenda. Nilichohofia ni mguu wote, na fundi wa mageti asiye na mguu atasimama vipi? Nilichuchumaa nikaanza kuondoa nyama iliyooza. Hasira ilinijaa mpaka machozi yakanitoka, nikawa nakwangua huku nalia. Mkewe aligeukia ukutani. Mgonjwa mwenyewe aliniinamia kwa huruma, akanishika bega.

"Pole, sista. Wacha kulia," alisema. "Hata haiumi."