Kidogo Tu, Bwana

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hata leo. Njoo ukae hapa karibu na babu yako, na hicho chakula ukile, maana mama yako ameniambia tangu uliposikia unahamishwa shule hulali wala huli. Mimi sitakwambia usiogope. Kwani nani amekwambia mimi sikuogopa? Niliogopa mpaka nikaharisha. Usicheke, nasema kweli.

Wakati huo ndiyo kwanza ndevu zinanichomoza. Nilikuwa nasoma shule ya Wadachi, yaani Wajerumani, ile iliyokuwa kando ya mto, chini ya Garsen, na nilikuwa nimefika darasa la mwisho. Ukimaliza pale ulipewa ualimu, ukarudi kijijini kwenu na heshima zako. Baba alikuwa amenisamehe kazi zote za shamba kwa ajili hiyo. Wadogo zangu ndio waliokuwa wakishinda juani kufukuza ndege kwenye mpunga, mimi nimekaa kivulini na vitabu. Basi fikiria, kijiji kizima kinangoja mwalimu wao.

Mara tukasikia nchi imepata wenyewe wapya. Bendera ya Wadachi imeshushwa, imepandishwa ya Waingereza. Sisi tulidhani ni mambo ya wakubwa huko Witu, sisi yanatuhusu nini? Haukupita muda mrefu, mjomba wangu Komora, aliyekuwa akikaa katika gasa, baraza la wazee wetu, akaja kwa baba na neno lake.

"Shemeji," akasema, "serikali sasa inazungumza Kiingereza. Huyu Jilo akimalizia kwa Wadachi, elimu hiyo ataipeleka wapi? Mpeleke Mombasa kwa Waingereza, akamalizie huko."

Baba alinitazama, akatazama chini, akakubali. Mimi sikuulizwa. Siku zile kijana hakuulizwa. Mwalimu wangu Mdachi alinipa mkono, akaniambia bila hasira kwamba nafasi yangu atapewa mwingine, hawezi kunishikia. Hayo ndiyo maneno niliyosafiri nayo: kule nikishindwa, huku sina pa kurudi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojiumiza. Desturi yetu unaijua. Kijana hajisifu mbele ya wakubwa. Ukiulizwa kama kazi fulani unaiweza, hata ukiiweza kuliko wote, unainamisha macho unasema, "Kidogo tu." Hapo mzee uliyekuja naye anadakia, "Kidogo? Huyu? Msimsikilize! Kwa kusukuma mtumbwi hana mwenzake kwetu!" Ndivyo tulivyokuwa hata tukienda kuposa. Wewe unanyamaza, unasemewa. Anayejisemea mwenyewe, watu huondoka wakinong'ona kwamba hakulelewa.

Mimi nikaenda Mombasa na adabu hiyo, tena peke yangu, maana mjomba alinifikisha Kipini tu, pale mto unapoingia baharini, akageuza mtumbwi wake akarudi kuwahi mavuno.

Mkuu wa shule alikuwa Mwingereza mrefu aliyejua Kiswahili vizuri. Akaniketisha, akaniuliza, "Umesoma?"

"Kidogo, bwana."

"Hesabu unajua?"

"Kidogo tu, bwana."

"Na kuandika?"

Nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Kidogo tu, bwana." Kisha nikanyamaza, nikingoja. Unajua nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja mtu adakie! Masikini mimi, chumba kizima tulikuwa wawili.

Yule bwana hakuwa na ubaya wowote. Aliniamini. Kwao ukisema kidogo, basi ni kidogo. Akanipeleka darasa la watoto wanaojifunza herufi.

Eh, mwanangu! Nilikaa kwenye kile kibenchi magoti yakanifika masikioni. Wenzangu wale walikuwa bado wanang'oka meno ya utoto. Waliniita babu. Mmoja alikuwa akinionea huruma, ananishika mkono kunionyesha jinsi ya kushika kalamu, na mimi namwachia. Niliyatazama madarasa yaliyokuwa mbele yangu nikaona nitayamaliza na mvi. Chakula hakipiti. Usingizi hauji. Kila nikisikia mtu wa kwetu ameingia mjini najificha, nikihofia asije akarudi nyumbani kuwaambia mwalimu wao anaimba a, e, i, o, u. Na bado sikusema. Nilijiambia wataona wenyewe. Wataona nini, na mimi kutwa nimeinamisha macho? Mwalimu wa darasa alidhani nainama kwa sababu sijui.

Jumapili moja nikaenda kumwamkia shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa huko huko Mombasa. Alikuwa mwanamke mwenye maneno, Mungu amrehemu. Nilimkuta anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Unaumwa?"

Nikamweleza yote, machozi yananitoka. Nilitegemea atanibembeleza. Wapi! Akaacha kukuna, akanigeukia mzima mzima.

"Ulimwambia unajua kiasi gani?"

"Kidogo."

"Na nani alikuwapo wa kukusemea?"

"Hapakuwa na mtu."

"Sasa ulikuwa unangoja nani, wewe?" akafoka. "Ile adabu yetu ni ya watu wawili, Jilo. Mmoja ananyamaza, mwenzake anasema. Wewe umekwenda peke yako, ukanyamaza. Umejizika mwenyewe halafu unakuja kulia kwangu!"

Nikamwomba aende yeye akanisemee. Akakataa katakata. "Mimi hizo hesabu zako nazijua? Rudi mwenyewe. Mwambie haya nayajua, haya siyajui. Usizidishe, usipunguze. Na Kiingereza useme hukijui, usijitie kujua."

Kesho yake nilisimama mlangoni kwa yule bwana. Nusura nigeuke. Nikasema haraka haraka kabla moyo haujabadilika: "Bwana, nilikwambia kidogo, lakini si kidogo. Hesabu nimesoma mpaka darasa la mwisho, kwa Kidachi. Kuandika naweza. Kiingereza sijui hata neno." Niliisikia sauti yangu nikaona aibu, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nikajua sasa ama nafukuzwa, ama nachapwa.

Akanipa kibao na hesabu ngumu. Nikazifanya, huku nikinong'ona tarakimu za Kidachi. Alipokwisha kuzitazama akauliza, "Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Kwetu, bwana, husema mtu mwingine."

Akatikisa kichwa. Siku ile ile akanihamishia darasa la pili kutoka mwisho kwa masomo yote, isipokuwa Kiingereza. Kiingereza nikabaki na wale wadogo, na yule rafiki yangu wa kalamu akafurahi kweli kweli. Nilichelewa, sikufichi. Wenzangu wa kwa Wadachi walitangulia kuitwa walimu, na siku nilipopata habari hiyo niliumia. Lakini nilimaliza, nikarudi kwetu Garsen, na baba alinipokea pale mtoni akilia mbele za watu.

Basi, mwanangu, na wewe unakwenda kwa watu wengine umebakiza kidogo umalize. Vitabu vingine, walimu wengine, lugha nyingine. Hofu utakwenda nayo, haina dawa. Lakini usiseme "kidogo" mahali ambapo hakuna wa kukudakia. Unachokijua kitaje kama kilivyo. Usichokijua kitaje vilevile, na ukikalishwa na wadogo kwa ajili ya hicho, kaa nao usione haya. Aibu ni kukaa nao kwa kitu unachokijua.

Baba yako ameniomba nikupeleke nikakusemee. Kukupeleka nitakupeleka, mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe, mimi nitakuwa nje nimetega sikio. Mungu akutangulie, akufungue kinywa, akujaalie umalize salama, akurudishe kwetu tukupokee kama nilivyopokelewa mimi.

Haya, weka sahani chini. Tuseme mimi ndiye mkuu wa shule. Umesoma?

Paza sauti, mwanangu. Sijasikia.