Somo la Diaspora na Wifi Asiyeshikika

Kosa lilikuwa kutamka neno "diaspora" mezani huku wifi yake anasikia.

Mwenye kosa alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mwanamke wa miaka arobaini na ushee. Mchana kutwa kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba kwamba wasubiri. Jioni alikwenda chuo kikuu kusoma historia na utamaduni wa Waafrika waliotawanyika duniani: waliochukuliwa kwa nguvu, waliokimbia, waliojiendea wenyewe. Tangu ajiandikishe, mtaa mzima ulimwita Profesa, na si kwa heshima.

Mumewe, fundi bomba, alikuwa mtu wa maneno machache. Dada yake, ndiye huyo Wifi, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mume, alikuwa ameyachukua yote yaliyobaki.

"Diaspora?" Wifi aliacha kutafuna. "Si ndio wale walioko nje? Kumbe unasomea kwenda nje, umetuficha!"

"Sisomei kwenda nje, wifi. Nasoma historia yao."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nani anasomea mapishi asionje?"

Wiki haikuisha, Wifi ameshautangazia mtaa, watu wakaanza kubisha hodi. Jirani muuza misumari alileta pasipoti yake, mpya, haijagongwa hata muhuri mmoja. Kinyozi aliuliza kama huko kwenye baridi watu hunyoa. Hata kliniki hakupata nafuu. Mgonjwa mmoja, pamba imejaa mdomoni, aliinama kwenye dirisha la mapokezi akanong'ona, "Fiza, dada. Fiza inafatikanaje?"

Profesa alieleza mpaka sauti ikakauka. Alimwambia jirani kwamba somo lake ni la watu walionyang'anywa majina, wakawapa watoto wao majina mengine kwa siri. Jirani alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza, "Na hao, hawahitaji dereva?"

Mumewe alipoombwa amkanye dada yake, alisema, "Mimi nazibua mabomba tu."

Siku ya siku, Wifi akamfuata chuoni. Darasa lilikuwa limetulia, mhadhiri yuko ubaoni, mlango ukafunguliwa. Wifi alisimama pale na gauni lake la kwendea harusi za watu, mkoba kwapani.

"Hodi humu. Samahani mwalimu, nimekuja kuuliza, hii safari ni lini?"

Darasa likaangua kicheko. Profesa alitamani sakafu ipasuke immeze. Mhadhiri, mama mwembamba asiyepandisha sauti, akauliza, "Safari ipi, mama?"

"Ya diaspora."

"Karibu uketi. Tutafika sasa hivi."

Wifi akaketi mbele kabisa. Mhadhiri akaendelea alipoishia. Alieleza kwamba baada ya utumwa kukomeshwa huko ng'ambo, walioachiwa huru walianza kuwatafuta jamaa zao waliouzwa mbali. Walitangaza magazetini, na matangazo yakasomwa makanisani: mama yangu alikuwa hivi, ndugu yangu ana alama hii, mara ya mwisho tulionana mahali fulani. Wengine walitangaza kwa miaka mingi.

Profesa hakuwahi kumwona wifi yake akinyamaza kupita muda wa kumeza mate. Siku hiyo alinyamaza mpaka kipindi kikaisha.

Walipokuwa njiani kurudi, Wifi akauliza, "Walipatikana?"

"Wachache. Wengi hawakupatikana."

"Basi nitangazie mwanangu."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana waliyemwita Ufito kwa wembamba wake. Alikwenda ng'ambo akapiga simu miaka miwili, kisha kimya. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumtaja.

"Sasa kwa nini hukusema, wifi?" Profesa alisimama katikati ya njia. "Umeniletea mtaa mzima na pasipoti zao!"

"Ningesema nini? Kwamba nataka kwenda kumtafuta mwenyewe? Mngesema nimechanganyikiwa."

Wakaamua kurekodi sauti kwa simu. Hiyo nayo ilikuwa kazi. Wifi alianza, "We mtoto mshenzi usiye na haya—"

"Wifi! Tunamtafuta, hatumfukuzi."

Walirudia na kurudia. Mwishowe Wifi akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe ana alama ya moto kwenye kiwiko, hucheka kabla ya kumaliza hadithi, na kwamba mama yake yuko, haulizi kitu, anataka sauti tu. Profesa akaituma kwa kila aliyemjua huko nje, nao wakaisambaza.

Baada ya majuma kadhaa simu ikalia. Wifi aliinyakua. "Ufito?"

"Hapana, mama. Mimi siye." Alikuwa kijana mwingine, mwosha vyombo hotelini. Alisema ameuliza kote anakofika, hakuna anayemjua Ufito. "Nimepiga tu kukujulisha. Mama yangu alifariki nikiwa huku. Sikuwahi kumzika."

Wifi alifumba macho. Kisha akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Bado? Saa hizi? Unaishi na nani, wewe?"

Ndipo balaa jipya lilipoanza. Kijana hupiga kila Jumapili kwa video, na hupiga simu ya Profesa, maana Wifi amekataa kununua yake akidai akiigusa video itakatika. Profesa ndiye humshikia, mkono ukifa ganzi, huku Wifi akiufokea uso wa mtu asiyewahi kukutana naye kwamba avae soksi.

Jumapili ya kuamkia mtihani alijaribu kukataa. "Wifi, leo nihurumie. Sijasoma chochote."

"Shika juu kidogo, simwoni kidevu."

Alishika. Kesho yake aliufanya mtihani, akaja kufaulu kwa alama za kuingilia dirishani. Ufito hajapatikana. Yule kijana bado anauliza kila anakofika, na jirani muuza misumari bado hupita jioni kutaka kujua kama majina ya wasafiri yametoka.