Ngiri ya Babu

Wiki iliyopita nilikwenda Keko kuagiza kitanda. Fundi alipoanza kupiga randa ubao, harufu ya maranda ikanipanda kichwani nikasahau hata vipimo nilivyokwenda navyo. Ningemwelezaje kwamba hapo anapopanga makabati yake ndipo kilipokuwa kibaraza chetu, na kwamba kuna jambo lilitokea hapo ambalo mpaka leo, mtu mzima na ndevu zangu, sijalielewa vizuri?

Nililelewa na bibi, aliyekuja mjini kutoka bara na mumewe. Mumewe alifariki kabla sijazaliwa, na kabla bibi hajahamia mtaa ule. Bibi alikuwa na mbwa mdogo wa kahawia mwenye kidevu cheupe, aliyeshinda kwenye maranda ya mafundi na kurudi nyumbani amejaa vumbi la mbao. Alimwita Babu. Alisema ananuna kama marehemu: ukimwekea chakula anageuza uso mpaka abembelezwe. Basi kila jioni, mkaa umekolea na mchicha unachemka, ungemsikia bibi, "Babu, njoo ule, kinapoa. Usininunie, nimekukosea nini?" Sisi wajukuu tuliona ni kawaida kabisa.

Siku moja Babu akagoma kula hata kwa kubembelezwa. Chini ya tumbo kulikuwa na uvimbe, na akiguswa analia. Daktari wa mifugo akampapasa, akasema ni ngiri, imejibana, asipopasuliwa kesho atakufa. Akataja gharama. Bibi, ambaye aliishi kwa kuuza vitumbua, aliitikia kwa kichwa akaingia ndani. Mimi na dada yangu tukachukua bakuli la plastiki tukapita mlango kwa mlango, kama tulivyoona watu wazima wakifanya palipo na msiba.

"Shikamoo. Tunaomba mchango. Babu ana ngiri, kesho anapasuliwa."

Watu walitoa, na hakuna aliyetaka maelezo. Likitajwa neno ngiri wanawake walitazama chini, wanaume wakakohoa kidogo, halafu mkono unaingia mfukoni. Mwenye duka, Mwarabu mzee wa pale mtaani ambaye akimwona mbwa alivuka barabara asije akamgusa kanzu, alitoa noti kubwa. "Mpeni pole mzee," alisema. "Mwambieni asione haya, ni maradhi ya wanaume." Nikamjibu nitamwambia. Sikuona kosa lolote, maana Babu kweli alikuwa dume.

Jioni yake wakaja kumjulia hali mgonjwa. Alitangulia jirani mmoja, mpangaji aliyehamia nyumba ya pili mwaka ule, na chupa ya uji, nyuma yake wenzake wawili na machungwa. Bibi akawakaribisha bila kujua kinachoendelea.

"Tumekuja kumwona mzee," jirani akasema.

"Mzee gani?"

"Si Babu. Watoto wamesema ana ngiri."

Bibi akatutazama. Kisha akaonyesha gunia pembeni mwa mlango, alipolala Babu akihema.

Wale wawili walicheka mpaka wakashikana. Jirani hakucheka. Alisema kama mtu aliyeibiwa, "Kila siku mie nakusikia unambembeleza ale. Namwambiaga mume wangu, sikiliza wenzio wanavyozeeka na mapenzi yao."

Bibi akatuamuru turudishe michango yote. Tukaanzia dukani, mimi nalia njia nzima kwa sababu nilijua Babu ndiyo basi. Mwenye duka akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mgonjwa yupo?" akauliza. Nikasema yupo.

"Anaumwa?" Nikasema anaumwa.

"Sasa unanirudishia nini?" Akaendelea kupima sukari ya mteja. Habari zikatutangulia, na kila tulipobisha hodi baada ya hapo hakuna aliyekubali kupokea.

Babu akapasuliwa, akapona, akaishi miaka mingi. Nilifurahi, nisikudanganye. Lakini tangu jioni ile bibi hakumwita tena kwa jina. Labda aliona haya kwamba majirani wanasikia. Labda yale maneno ya jirani yalimgusa mahali ambapo sisi hatukupajua. Sikumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Alikuwa akiweka sahani chini kimyakimya. Mbwa angegeuza uso, akasubiri, masikio yamesimama, halafu taratibu akainama akala.

Nyumba imeondoka, mwenye duka ameondoka, na sina hakika kama siku ile tulifanya jema. Mbwa tulimwokoa. Ila babu yangu, ambaye sikuwahi kumwona, nilikuwa nikimsikia akiitwa kula kila jioni ya utoto wangu, na mwaka ule akaacha kuitwa.