Moto wa Mama Hajarah

Mama Hajarah alikuwa mpika maandazi hapa Busia, upande wa Uganda, na kila alasiri alichoma taka zake uani. Mwaka 1965 akaletwa Bwana Afya mpya, Ojulong, na amri yake: kuchoma taka uani marufuku, chimba shimo ufukie.

"Hapa ni mwamba mtupu," Hajarah akamwambia. "Nichimbe na meno?"

"Usichome Uganda, basi! Kachomee Kenya, hainihusu!"

Nani alimtuma kusema vile mbele ya Hajarah? Mpaka ulikuwa mfereji tu nyuma ya choo chake. Akajitwika karai la taka, akavuka, akawasha moto Kenya huku anamkazia macho Ojulong.

Kiangazi kile upepo ulikuwa mwendawazimu. Cheche zikapita juu ya migomba, zikaangukia paa la nyasi la kibanda cha kupangisha kilichofungwa kufuli, huko huko Kenya. Likalipuka. Hajarah akapiga ukelele, karai likamtoka mikononi. Sisi majirani tukatoka mbio.

Ojulong akaruka mfereji, kiatu kimoja kikabaki Uganda.

"Maji, jamani! Leteni maji! Hapo ni kwangu!"