Hungry, Hunger, na Mbegu za Mama

Kiingereza nilifundishwa wakati wa Mjerumani, na maneno mengi yamenitoka. Mawili yamekataa kutoka, na laiti yangekubali: hungry na hunger.

Aliyenifundisha ni Bibi mmoja Mwingereza wa misheni, jirani na kwetu Ihumwa. Alituketisha wasichana wachache barazani kwake, akasema hungry, mwenye njaa, ni sifa: humweleza mtu, na mtu akila, sifa inamwondoka. Hunger, njaa, ni jina, jina la kitu chenyewe, kama jiwe au mbuzi. Nikamwambia, "Bibi, kwetu mtu ana njaa, kama alivyo na ndui. Na njaa ikiwa kubwa tunaipa jina lake, kama mtoto." Akacheka, akasema mimi ni mbishi. Kweli, mbishi nilikuwa.

Kisha vita vikaja. Bibi alichukuliwa na askari wa Mjerumani kwa kuwa ni Mwingereza. Baba wakamchukua kubeba mizigo yao, ng'ombe wakaswagwa wote, na ghala letu wakalifagia. Mvua nayo ikagoma. Tukabaki watatu ndani ya tembe: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto.

Juu ya meko yalining'inia masuke ya mtama ya mbegu, meusi kwa moshi. Kwetu mbegu haziliwi. Anayekula mbegu amekula shamba la mwaka ujao, amewaua hata watakaopona. Watu husema mwenye njaa hana miiko. Loo, hawakumjua mama yangu! Alitupikia mizizi, alitupikia hata ngozi ya kulalia, na masuke akayapita kila siku bila kuyatazama. Mdogo wangu ndiye aliyeyatazama.

"Mama, yale pale juu."

"Yale yanangoja mvua, mwanangu."

"Kidogo tu, mama."

"Nyamaza, mama. Mvua iko karibu."

Nilimkasirikia mama, nikamwambia mvua haina tumbo.

Baadaye mtoto akaacha kuomba. Ukimwuliza kama ana njaa, anatikisa kichwa, hapana. Kwa somo la Bibi, sifa ilikwisha kumwondoka. Somo gani hilo, jamani! Hakuwa amekula kitu, wala hakutaka kitu, tumbo limejaa maji na macho yametulia. Ile njaa yenye jina ilikuwa imekaa mle ndani pamoja nasi, na ilikuwa imemshika yeye. Alikufa asubuhi, kichwa kwenye paja la mama, masuke yakiwa palepale juu.

Hatukuwa tumemaliza matanga askari waliporudi. Mmoja aliinua macho, akayaona. Wakayaangusha, wakawalisha nyumbu wao wa mizigo uani. Mama aliketi chini akasema, "Ningempikia. Ee Mungu, ningempikia mwanangu."

Walipoondoka, akatambaa hadi pale waliposimama nyumbu, akaokota punje mojamoja mavumbini. Akazitwanga, akapika uji, akanipa mimi; mwenyewe hakuonja. Niliunywa huku nalia. Ulikuwa mtamu.