Posa ya Zuhura kwa Mawakili

Siku ile naikumbuka kwa watu wake kwanza. Tuliotoka nyumbani Kariakoo tulikuwa wanne: mimi Shabani, kifungua mimba wa mama yangu, mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa ametoka kuhitimu sheria, Mzee Awadh, muuza vitambaa wa mtaani kwetu, kavaa kanzu yake ya Idi, na Mama Donatila, mama wa Kirundi aliyepanga chumba kinachotazamana na chetu, kashika sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa. Wa tano tulimkuta huko huko: wakili mwenye ofisi, mwanamama mrefu wa miwani.

Unacheka halua, mwanangu? Ngoja kwanza.

Wazazi wetu walifariki nikiwa shule ya msingi. Nikaacha masomo, nikaingia Mchikichini kuuza viatu vya mitumba, Zuhura akasoma. Tangu hapo kila lililomhusu nililisema mimi. Shuleni nilimsemea, hospitali nilimsemea. Hata muuza duka akimuuliza anataka soda gani, nilijibu mimi. Sikuona ubaya wake. Kwetu baba akifa, kaka ndiye walii: posa ikija kaka husema, binti hukaa kimya, na kimya chake ndiyo ridhaa.

Basi, ofisi moja ya mawakili wanaotetea wahamiaji bila malipo ikatangaza kwamba itamchukua mwanasheria kijana, afanye kazi nao mwaka mzima, alipwe posho na kufundishwa. Nafasi ilikuwa moja tu. Zuhura alishakataliwa kwingine, na tulikubaliana hii ikishindikana atakuja kukaa nami kwenye viatu. Hakudharau viatu, vilimsomesha. Ila kazi hii aliitaka kwa moyo wote.

Alipoitwa kwenye usaili, nikafikiri kama nilivyolelewa: jambo kubwa mtu hajiombei, huombewa na watu wake. Nikamwendea Mzee Awadh awe mshenga, akakubali kabla sijamaliza kusema.

"Wahamiaji? Babu yangu kashuka hapa kutoka Hadhramaut, kule Yemeni, na kikoi kimoja. Sisi wahamiaji wa zamani, watu wamesahau tu kutuuliza."

Zuhura akaninong'oneza, "Kaka, hii siyo posa."

"Twende," nikamwambia. Naye kwa mazoea akanyamaza.

Tukakatiza Mnazi Mmoja mpaka mjini, msafara kamili. Binti wa mapokezi akaitazama ile sahani.

"Shikamoo mzee. Samahani, hiyo hatuwezi kuipokea. Hapa itaonekana rushwa."

"Marahaba. Rushwa ya halua?" Mzee Awadh akauliza. "Binti yangu, ningetaka kuhonga ningeleta ubwabwa."

Tukaingia wote. Wakili akamuuliza Zuhura kwa nini anaitaka kazi hii. Nikajibu mimi. Akamuuliza kama amewahi kuishi karibu na wageni. Nikajibu mimi, na Mzee Awadh akaongezea nasaba yetu upande wa mama. Wakili akavua miwani.

"Kaka, huyu mdogo wako ana ulimi?"

"Anao, wakili. Ni mpole tu."

"Basi naomba mnipishe, niusikie."

Huko koridoni nikaanza kunung'unika kwamba watu wa ofisini hawajui adabu. Mama Donatila akanivuta nikaketi.

"Shabani, mwanangu, umemlea vizuri. Lakini mimi tangu nifike Bongo nasemewa. Mwenye nyumba kanisemea, mjumbe kanisemea, majirani wamenisemea. Wote watu wema, na kila mmoja alisema lake, mimi nimekaa hapo hapo. Sasa unamtuma huyu akawasemee watu kama mimi, naye hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Yangu ataisikiaje?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikilalia miaka mingi hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Ndani palikuwa kimya, kimya kikazidi, nikasogeza sikio mlangoni. Kisha nikasikia sauti ya Zuhura, ndogo, ikapanda. Mara wakili akacheka. Mzee Awadh wakati huo keshafunua sahani, anawagawia halua watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi.

"Umeulizwa nini?" nikamuuliza Zuhura alipotoka.

"Kaniuliza, mgeni akija ofisini anatetemeka, nimwambie nini kwanza. Nilikaa kimya mpaka nikaona aibu. Nikasema simwambii kitu. Namuuliza anataka niseme nini."

"Sasa hapo cha kuchekesha kipi?"

"Kataka kujua hilo nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa kaka yangu. Hajawahi kuniuliza."

Mzee Awadh alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nafasi ile Zuhura aliipata, na mwaka ulipokwisha hawakumwachia. Siku hizi nyumbani ninayekatwa maneno ni mimi.

Mwanangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mpe mdogo wako chakula, ada na viatu, lakini maneno yake mwachie mwenyewe. Nawe ukiomba kazi ya kuwatumikia watu, chukua dua za wazee wako, kisha waache mlangoni uingie na sauti yako. Na kabla hujamsemea mtu yeyote, msikilize mpaka amalize, hata kama unadhani unamjua. Mungu akujaalie ulimi mwema, na sikio lililo jema kuushinda.

Mimi mwenyewe bado nadaiwa. Jioni ile Mama Donatila aliniambia, "Njoo nikusimulie nilivyofika nchi hii." Nikamjibu kesho, mama, nawahi mzigo. Kesho zikawa nyingi. Sasa anakaa Kigoma kwa binti yake, na kila nikimwomba anisimulie kwa simu hucheka.

"Hayo si ya simu, Shabani. Njoo ukae."

Sijaenda.